Harufu Iliyo Katika Pumzi: Vifaa vya Kupima Gesi Vinaweza Kusema Nini Kuhusu Afya

Dereva anayetumia barabara ya Namanga usiku, kutoka Kitengela kupita Isinya hadi mjini Kajiado, anakijua kifaa kimoja cha kupima pumzi hata kama hajawahi kuelezwa kinavyofanya kazi. Ni Alcoblow. Kifaa hicho kilianza kuonekana sana katika barabara za Kenya mwezi Desemba 2013, kwa nguvu za kanuni za mwaka 2011 zilizoweka kikomo cha maikrogramu 35 za pombe katika kila mililita 100 za pumzi. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ilizibatilisha kanuni hizo. Mvutano mahakamani ulihusu kanuni na Sheria ya Trafiki, si kemia ya kifaa, na baadaye vifaa vilirudi barabarani.

Kemia yenyewe ndiyo somo la ukurasa huu, kwa sababu katika miaka ya karibuni wakaazi wengi wamesikia kwamba pumzi inaweza kupima sukari, pumu, vidonda vya tumbo, hata saratani. Baadhi ya maneno hayo ni kweli. Baadhi ni kweli ya maabara ambayo bado haijafika kwenye zahanati. Na baadhi ni ya kuuza bidhaa tu.

Pombe inavyofika kwenye pumzi

Damu hupita mapafuni kila mara ili kuacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno. Kitu chochote kilicho katika damu na ambacho hugeuka mvuke kwa urahisi hupenya ukuta huo na kutoka na pumzi. Pombe ni kitu cha namna hiyo. Hata hivyo inayotoka ni kidogo: pombe iliyo katika mililita moja ya damu ni sawa na iliyo katika zaidi ya mililita 2,000 za pumzi.

Ndani ya kifaa mna kihisi kidogo chenye nyuso mbili zilizopakwa madini ya platini, na katikati yake asidi. Mvuke wa pombe ukigusa platini, huungana na oksijeni na kugeuka kuwa asidi ileile inayoipa siki ukali wake. Mageuzi hayo huachilia umeme kidogo. Pombe ikiwa nyingi, umeme unaongezeka. Kifaa kinausoma umeme huo na kuandika namba.

Mtu aliyetoka kusukutua kinywa kwa dawa yenye pombe anaweza kusomeka vibaya, kwa kuwa mvuke unaopimwa ni wa mdomoni na haukutoka kwenye damu. Ndiyo maana wapimaji makini husubiri dakika 15 kabla ya kurudia kipimo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kihisi hujibu swali moja alilokusudia aliyekitengeneza. Kihisi cha platini cha kupima pombe huulizwa: kuna pombe? Hakiwezi kusema kama aliyekipuliza ana malaria, na hakiwezi kusema kama ana kisukari. Jibu la sifuri halimaanishi kwamba mtu ni mzima. Linamaanisha kwamba hana pombe.

Harufu tamu isiyo ya pombe

Kuna mgonjwa ambaye kila mtu kwenye steji atamwita mlevi. Anayumba, anatapika, maneno yake hayashikani, na pumzi yake ina harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Watu humlaza kando ya kibanda ili pombe imtoke. Mtu huyo huenda hajaonja pombe tangu mwaka uanze. Kihisi cha platini kikiletwa, kwa kawaida hakitasoma kitu, kwa maana gesi inayonuka pale si pombe. Ni asetoni.

Asetoni hutokana na mafuta ya mwili. Kwa kawaida mwili hutumia sukari kama kuni za kwanza, na homoni ya insulini ndiyo huifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli. Insulini ikikosekana, damu hujaa sukari lakini seli zina njaa. Mwili unaanza kuchoma mafuta kwa haraka, na ini linatoa kemikali ziitwazo ketoni. Mbili kati yake ni asidi, nazo huigeuza damu kuwa kali. Ya tatu ni asetoni, ambayo ni nyepesi na hutoka na pumzi. Kwa hiyo ile harufu tamu haimdhuru mgonjwa. Inaleta tu habari kwamba damu inageuka asidi.

Hali hiyo huua, na huua kwa haraka zaidi kwa watoto. Mtoto ambaye hajawahi kujulikana kuwa na kisukari anaweza kuonekana mgonjwa wa kawaida kwa siku kadhaa. Anakunywa maji sana, anakojoa mara kwa mara, yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, nguo zinamlegea. Kisha tumbo linauma na anatapika. Nyumbani husemwa ni malaria, homa ya matumbo au amiba, na dawa hununuliwa dukani. Siku ya mwisho anaanza kupumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, ilhali kifua chake hakina makohozi. Kupumua kule ni mwili unaojaribu kuitoa asidi kupitia mapafu. Akifikia hapo hakuna muda wa kungoja asubuhi.

Pua ya mzazi husaidia lakini haitoshi. Si kila mtu anaweza kunusa asetoni; watu wawili wanaweza kumwinamia mtoto mmoja, mmoja akanusa na mwingine asinuse chochote. Asiyenusa asichukulie kwamba hakuna shida, iwapo kiu, mkojo mwingi na kutapika vimeandamana.

Kipimo kinachohitajika wakati huo ni tone moja la damu kidoleni. Kinachukua sekunde chache. Sukari ikisoma 11.1 au zaidi kwenye mashine za Kenya, ambazo huandika kwa milimoli kwa lita, pamoja na dalili hizo, hiyo ni dalili ya kisukari na mgonjwa anapaswa kuwa njiani kuelekea hospitali inayolaza, kama Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Anahitaji maji ya mshipani na insulini chini ya uangalizi. Uji, soda au glukosi ya pakiti haimsaidii. Inamwongezea sukari isiyoweza kuingia kwenye seli. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliokabidhiwa vifaa tangu Septemba 2023 wana mashine ya kupima sukari kwenye mikoba yao, na kwa boma lililo mbali na lami huyo ndiye wa kuitwa kwanza, wakati gari linatafutwa.

Kwa nini basi hakuna kifaa cha kupuliza cha kupima sukari?

Swali hili huulizwa sana, hasa na watu wanaojidunga kidole kila siku na waliochoka na gharama ya vijikaratasi vya kupimia. Jibu lina sehemu mbili, na ya kwanza haihusu mashine.

Asetoni si sukari. Mtu mzima mwenye afya hutoa asetoni chini ya sehemu moja kwa milioni katika pumzi. Akifunga Ramadhani, au akiingia kwenye maombi ya kufunga siku tatu, au akiacha ugali na chapati ili apunguze uzito, asetoni itapanda ingawa sukari yake iko sawa. Kinyume chake pia hutokea: mwenye kisukari cha ukubwani anaweza kuwa na sukari ya 15 na pumzi isiyo na asetoni ya kutajika, kwa kuwa bado ana insulini kidogo ya kuzuia mafuta yasichomwe ovyo. Kifaa cha asetoni kingemwambia yuko salama, naye figo na macho yanaharibika polepole.

Sehemu ya pili ni vihisi vyenyewe. Mwaka 1962 Mjapani Naoyoshi Taguchi alibuni kihisi cha oksidi ya bati ili kugundua gesi ya kupikia inayovuja majumbani. Punje za oksidi hiyo hupashwa moto wa nyuzi mia kadhaa. Oksijeni ya hewani hung'ang'ania juu ya punje na kuzuia umeme kupita. Gesi inayowaka ikifika, huiondoa oksijeni hiyo, na umeme unapita kwa urahisi zaidi. Kihisi ni rahisi, kinadumu, na wajukuu wake wanauzwa kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi, ambako wanafunzi wa vyuo hununua ili watengeneze kengele za kuonya gesi inapovuja.

Kwa mtungi wa gesi unaovuja kinafaa sana. Kwa pumzi kina udhaifu mkubwa: hakibagui. Pombe, asetoni, haidrojeni, marashi, hata mvuke wa maji, vyote vinakigusa. Na pumzi ya binadamu imejaa mvuke wa maji, kama anavyoona yeyote anayepumulia kioo asubuhi ya Julai. Watafiti wamejaribu kubadilisha madini ili kihisi kivutwe na gesi moja tu. Kwa mfano, mjini Zurich, Uswisi, kikundi kimoja kilitumia oksidi ya tangisteni iliyochanganywa na silikoni ili kupata asetoni. Kazi hiyo ni ya kweli na ya kutia moyo. Lakini haijamfikisha mgonjwa mahali pa kuacha kupima damu, na anayeacha dawa yake kwa sababu ya kifaa cha kupuliza alichonunua mtandaoni anacheza na maisha.

Jiko, pumzi na namba inayodanganya

Gesi ya kaboni monoksidi ni habari nyingine kabisa, kwani hapa kifaa cha kupuliza kipo, ni rahisi, na hupima sawasawa. Ubaya ni kwamba anayeihitaji mara nyingi amelala.

Miezi ya Juni na Julai baridi inaposhika nyanda za Kitengela na Isinya, jiko la makaa huingizwa ndani ya chumba kimoja, mlango ukafungwa na matambara yakazibwa chini yake. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu hayatoi moshi, na hapo ndipo watu huona kwamba hatari imekwisha. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kuikalia nafasi yake. Kichwa huuma, mtu hulegea, hupata kichefuchefu, kisha usingizi. Ishara yenye kutofautisha na homa ni hii: wote waliomo chumbani, pamoja na mtoto, wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Kajiado ina historia katika jambo hili. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na 2001, shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kimaasai za Kajiado na familia za magharibi mwa Kenya. Vifaa viliwekwa ndani ya nyumba kupima moshi na kaboni monoksidi kabla na baada ya mabadiliko. Wanawake wenyewe, ambao ndio wajenzi wa nyumba katika boma, walishiriki kuamua nini kibadilishwe: dirisha kubwa zaidi, nafasi ya hewa chini ya paa, kofia ya bati juu ya meko yenye bomba la kutolea moshi. Hewa ya ndani ilipungua uchafu kwa kiasi kikubwa. Kwa familia nyingi lile lilikuwa jambo la kwanza kuonyesha kwa namba kile ambacho macho yanayowasha yalikuwa yanasema siku zote.

Kipimo cha gesi hiyo katika pumzi hufanywa hivi: mtu anashika pumzi kwa sekunde 15, kisha anapuliza taratibu mpaka mwisho. Kihisi cha kemikali, ndugu wa kile cha pombe, husoma sehemu kwa milioni. Nchi nyingi hukitumia katika kliniki za wanaotaka kuacha sigara, ambako kusoma 10 au zaidi huchukuliwa kuwa alama ya mvutaji. Kwa mchoma nyama aliyeshinda juu ya makaa tangu mchana alama hiyo inaweza kumwonea, maana kifaa hakijui kama moshi ulitoka kwenye sigara au kwenye jiko.

Kuna namba nyingine ya kuangaliwa kwa tahadhari kubwa. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni, ambacho watu wengi walinunua wakati wa Korona ili kupima oksijeni, hudanganywa na kaboni monoksidi. Kinatazama wekundu wa damu, na damu iliyoshikwa na gesi hii ni nyekundu vilevile. Mtu anaweza kuonyesha 98 huku anakufa kwa kukosa oksijeni. Aliyetolewa kwenye chumba chenye jiko asirudishwe kulala kwa sababu kifaa cha kidoleni kimesema yuko sawa. Mlango ufunguliwe, mtu atolewe nje, kisha apelekwe hospitali apewe oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, damu huchukua muda wa saa 4 hadi 6 kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa inayobana vizuri, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya safari, hata usiku.

Pumu, maziwa na utafiti

Kwa wenye pumu kuna kipimo cha nitriki oksidi. Njia za hewa zikivimba kwa aina fulani ya mzio, hutoa gesi hiyo kwa wingi. Mgonjwa mzima hupuliza kwa mwendo sawa kwa sekunde 10. Chini ya sehemu 25 kwa bilioni uvimbe huo si wa kutarajiwa. Juu ya 50 kuna uwezekano mkubwa kwamba dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe itamsaidia, au kwamba aliyeandikiwa haitumii. Ni kifaa cha madaktari bingwa na ni ghali. Kisichanganywe na kile kibomba cha plastiki chenye mshale ambacho hupulizwa kwenye kliniki za kawaida: hicho hupima kasi ya hewa, hakipimi gesi yoyote, na kinatosha kwa kazi nyingi.

Haidrojeni nayo huonyesha kama tumbo linakubali maziwa. Sukari ya maziwa isiyosagwa hufika kwenye utumbo mpana, bakteria huichachusha, haidrojeni huingia kwenye damu na kutoka mapafuni. Ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi baada ya kunywa, jibu limepatikana. Wafugaji wa eneo hili wana la kujivunia hapa. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kutolewa mwaka 2007, uliohusisha jamii za Kenya, Tanzania na Sudan, ulionyesha kwamba uwezo wa watu wazima kusaga maziwa ulizuka Afrika Mashariki kivyake, mbali na ule wa Ulaya.

Malaria imeanza kufuatiliwa pia. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyokusanya pumzi ya watoto 35 nchini Malawi na kutumia kemikali sita kutambua wenye vimelea kwa usahihi wa asilimia 83. Kwa utafiti ni hatua nzuri. Kwa mzazi, asilimia 83 ya watoto 35 haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha damu kilichopo leo katika zahanati. Wale panya wa Morogoro, Tanzania, wanaonusa kifua kikuu, hunusa makohozi, si pumzi. Na Kenya kifua kikuu hupimwa kwa makohozi na kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma.

Kabla ya kulipa

Anayeambiwa apulize ili apimwe ana haki ya kuuliza ni gesi gani inatafutwa. Jibu la kweli ni jina moja: asetoni, haidrojeni, nitriki oksidi, kaboni monoksidi. "Inapima kila kitu" si jibu. Kipimo halisi cha bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa mfano, humtaka mgonjwa kwanza apulize, kisha anywe urea iliyowekewa alama, asubiri hadi nusu saa, halafu apulize tena. Anayepulizishwa mara moja sokoni bila kunywa chochote na kuambiwa ana vidonda hajapimwa vidonda.

Aulize pia kifaa kilikaguliwa lini kwa gesi yenye kiwango kinachojulikana, kwa kuwa kila kihisi cha kemikali huchoka, na kilichochoka huandika namba ndogo kuliko ukweli. Aulize kama kimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ndiyo inayosimamia vifaa vya tiba nchini. Na mrija wa kupulizia utolewe kwenye pakiti yake mbele ya macho yake, kisha utupwe akishamaliza.